Nimeokoka, lakini kijana mwenzangu alifukuzwa kazi kwa wizi wangu

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko hapa Mikindani, Mombasa, umri miaka 34, nina mke na mtoto wa miezi saba. Naomba jina langu usilitaje. Hii kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote hata mke wangu hajui, na nikikwambia nimeanza kuandika hii barua mara tatu nikafuta usishangae.

Kati ya 2017 na 2019 nilikuwa naajiriwa kwa hadweya moja kule upande wa Mwembe Tayari. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu, mtu wa swala tano, na alinipenda wallahi kama mtoto wake, alikuwa akiniita mwanangu na mpaka leo akiniona barabarani ananiita mwanangu. Mimi ndo nilikuwa nauza kaunta. Sasa mteja akija na keshi kununua simiti mfuko mmoja miwili, misumari, rangi, nilikuwa wakati mwingine simuandikii risiti, pesa naweka mfukoni. Nilianza na mia mbili mia tatu ya nauli, baadaye ikawa tabia. Nimepiga hesabu mara nyingi usiku, naona haikosi 140,000 hivi kwa ile miaka yote.

Desemba 2019 wakahesabu mali, vitu havikulingana na vitabu. Mzee akaniita pembeni akaniuliza, mwanangu wewe ndo ninayekuamini hapa, niambie ni nani. Shangazi, nilinyamaza kidogo halafu nikasema "mzee mimi sijui, lakini funguo za stoo anazo fulani." Ni hivyo tu nilisema. Huyo fulani ni kijana wa kutoka upande wa Kaloleni, tulikuwa tukila naye mahamri na mbaazi sahani moja kila asubuhi. Alifukuzwa siku hiyo hiyo na mshahara wa mwezi ule, 12,000, hakupewa. Alilia mbele za watu akiapa na mimi nilikuwa nimesimama pale pale naangalia chini.

2022 nikaokoka, nikabatizwa baharini kule Pirates, na nashukuru Mungu amenibadilisha kweli. Sasa nafanya kazi ya kuandika makontena kwenye yadi moja Changamwe, madereva wanataka kunipa chai kila siku ili wapite haraka na sichukui hata shilingi. Nilimwambia pasta wangu kwa juu juu tu kwamba zamani niliibia mwajiri, akaniambia ndugu hayo yameoshwa, ya kale yamepita, usichimbue kaburi. Nikafurahi kidogo. Lakini mwezi uliopita nimevuka feri kwenda Likoni nikakutana na yule kijana uso kwa uso, anasukuma mkokoteni Kongowea siku hizi, alikuwa anaenda kuona shangazi yake. Akanikumbatia! Akaninunulia kahawa tungu na kashata tulipofika ng'ambo, akaniambia tangu yale mambo hakuna duka lolote mjini lililomchukua manake akiulizwa alikofanya kazi mwanzo wanapiga simu kwa mzee. Na bado akaniambia "wewe ulikuwa rafiki yangu pekee pale."

Tangu siku hiyo sili vizuri. Na juzi kanisani wamenichagua niwe mhazini wa mfuko wa ujenzi. Nina 60,000 kwa sacco. Nimefikiria mambo mawili: nizitoe zote sadaka ya ujenzi kama shukrani ili niwe na amani, ama nimtumie mzee M-Pesa kidogo kidogo bila kujieleza. Nikisema wazi naogopa kufungwa, mtoto ni mdogo. Na Daudi mwenyewe si alisema "nimekutenda dhambi Wewe peke yako"? Mungu si ameshanisamehe? Nisaidie shangazi.

Aliyekosa usingizi, Mikindani

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikaenda kukaa nje kidogo, nikarudi nikaisoma tena. Kwanza nikushukuru kwa kuandika. Mtu ambaye moyo wake umekufa hakosi usingizi kwa sababu ya kikombe cha kahawa alichonunuliwa. Zaburi 32 inasema "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa kwa kuugua kwangu mchana kutwa," na huyo aliyeandika alikuwa mtu wa Mungu tayari, si mpagani, kwa hivyo usije ukadhani kukosa usingizi ni dalili kwamba hukuokoka. Mimi naona ni dalili kwamba Roho hajakuacha.

Sasa nitakwambia kitu na usinikasirikie. Barua yako yote umepiga hesabu ya pesa. 140,000, 60,000, sacco, M-Pesa, ujenzi. Lakini pesa si deni lako kubwa. Deni lako kubwa linasukuma mkokoteni Kongowea. Pesa za mzee zinarudishika hata ikichukua miaka miwili, lakini jina la yule kijana wewe ndo ulilichukua kwa sentensi moja, na kila siku inayopita bila wewe kusema, unalichukua tena upya. Mzee akipigiwa simu na mwenye duka mwingine leo saa nne asubuhi atasema yule kijana ni mwizi, na atakuwa amesema uongo wako bila kujua. Kwa hiyo usiniambie ni mambo ya 2019, mwanangu. Yanaendelea leo.

Hapo ndo sikubaliani na pasta wako, na nasema hivi kwa heshima manake naamini hukumwambia habari ya kijana, ulimwambia ya wizi peke yake. Huo mstari wa "ya kale yamepita" ni wa 2 Wakorintho 5:17 na naupenda sana, lakini unasema mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, haujasema aliyeumizwa naye amepona. Wewe umekuwa mpya, sawa, kwa yule kijana ni nini kilichokuwa kipya? Nenda ukamwambie pasta wako habari nzima, usimkatie vipande, halafu usikie atakavyosema safari hii.

Na Daudi. Watu wengi sana wanajificha nyuma ya Zaburi 51:4 na mimi mwenyewe nilipokuwa msichana nilishajificha hapo kwa jambo langu. Lakini angalia Daudi aliimba zaburi ile baada ya nini, Uria alikuwa ameshauawa! Daudi hata angetaka kwenda kumwomba msamaha angeenda kuzungumza na kaburi. Wewe Uria wako yu hai, anavuka feri, anakununulia kashata. Mungu amekupa nafasi ambayo Daudi hakuipata kabisa, sasa mbona unaomba ruhusa ya kutoitumia?

Hizo njia zako mbili nizijibu haraka. Sadaka ya ujenzi, hapana. Torati imelijibu swali lako kama vile ilikuwa inakuona wewe, fungua Hesabu sura ya 5 kuanzia mstari wa 6 na Walawi sura ya 6 mistari mitano ya kwanza. Mtu akidhulumu mwenzake halafu akatambua kosa, anaungama, anarudisha kitu chenyewe, anaongeza sehemu ya tano juu yake, na anampa yule aliyedhulumiwa. Kinakwenda kwa kuhani pale tu ambapo mwenyewe hayuko na hana hata jamaa wa kupokea. Mzee wako yuko, duka liko, na pesa yake haiwezi kuwa tofali la kanisa letu. Na Bwana Yesu mwenyewe alisema ukiwa umefika madhabahuni na sadaka mkononi ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale pale, "uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Kwanza. Wewe unataka kuanza na madhabahu.

Ya M-Pesa ya kimya kimya nayo hapana, na si tu kwa sababu jina lako litatokea kwenye meseji. Hata ungepata njia ya kuzituma bila jina, ingemsaidia vipi kijana? Mzee atapokea pesa zisizo na maelezo na pengine atafikiri ni yule kijana amejuta anarudisha! Si utakuwa umempigilia msumari wa pili.

Sasa tufanyeje. Nitakueleza vile ningemwambia mwanangu wa kuzaa.

Anza na mkeo, na umwambie leo usiku mtoto akilala. Si haki asikie habari hii kutoka kwa mtu mwingine mjini, na hizo pesa za sacco ni za nyumba yenu nyote wawili. Atakasirika, ana haki, mpe nafasi.

Kisha pasta, na umwambie pia ile kazi ya uhazini huwezi kuipokea kwa sasa. Hilo halina mjadala. Usiseme "niko bize," sema sababu.

Halafu mzee. Watu watakwambia uende kwa kijana kwanza kwa kuwa ndiye aliyeumia zaidi, na nimelifikiria sana hilo, lakini naona ukienda kwa kijana kwanza utampelekea machozi yako tu, hana cha kufanya nayo. Mwenye kulisafisha jina lake ni mzee. Nenda kwa mzee, na siku hiyo hiyo, usilale, nenda kwa kijana.

Usiende peke yako. Unakumbuka Onesimo? Alikuwa mtumwa wa Filemoni, akamkimbia, na huenda aliondoka na mali, akakutana na Paulo kifungoni akaokoka. Paulo hakumwambia "ya kale yamepita, kaa hapa tuhudumu." Alimrudisha. Lakini hakumrudisha mikono mitupu, alimwandikia barua, "na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu," na ukisoma Wakolosai 4 utaona alimpa na mtu wa kusafiri naye, Tikiko. Mtu anayerudi kuungama anahitaji Tikiko wake. Huku kwetu pwani pia ndivyo tulivyolelewa, ukiwa na jambo zito hujitokezi tu mlangoni, unapelekwa na mtu mzima. Mwombe pasta, au mzee wa kanisa anayeheshimika, na kama kuna mzee mwenzake wa mtaa anayemjua, bora zaidi.

Na usiogope kwamba hatakuelewa kwa kuwa dini ni tofauti. Neno toba lenyewe mwanangu tumelipokea kutoka Kiarabu, yeye ameanza kulisikia kabla hajaota meno. Na katika dini yake kama ilivyo kwetu, haki ya mja mwenzio haifutwi kwa kusali tu, lazima umrudishie mwenyewe au umwombe akuhalalishie. Atajua hasa umekuja kufanya nini. Pengine atalijua kuliko washirika wenzako.

Ukifika usizunguke. Sema mzee nimekuja kuungama, pesa zilizopotea nilichukua mimi, si yule kijana, na siku ile uliponiuliza nikakuelekeza kwake nilikuwa nasema uongo kuokoa ngozi yangu. Basi. Usianze kueleza nauli ilikuwa shida, mshahara ulikuwa mdogo, shetani alinipitia. Ukishaweka "lakini" kwenye toba umeshaiondoa. Mwambie kiasi, na sehemu ya tano juu yake: 140,000 na 28,000 inakuja 168,000. Zakayo aliahidi mara nne na mtu akisukumwa na Roho kufika huko sitamzuia, lakini wewe una mtoto wa miezi saba, na kwa aliyejileta mwenyewe akaungama Torati imeweka sehemu ya tano. Na uone pia Zakayo hakununua wokovu pale, Yesu alikuwa ameshajialika nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti. Wewe pia huendi kumlipa Mungu. Kwa Mungu ulishapokelewa, 1 Yohana 1:9 haijabadilika, ndiyo maana una nguvu ya kwenda.

Kisha mwombe kitu kimoja kabla ya kuomba msamaha wako, mwombe achukue simu ampigie yule kijana mbele yako, au amwite, amwambie jina lako ni safi. Na mwenye duka yeyote atakayeuliza kuanzia leo aambiwe ukweli. Hilo ni kubwa kuliko 168,000.

Tukija kwa zile 60,000, usizipeleke zote kwa mzee. Toa 12,000 kwanza, mshahara wa kijana uliozuiwa kwa ajili yako, umpelekee mkononi. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa "unapiga kelele" mpaka masikioni mwa Bwana, na huo umepiga kelele tangu Desemba ile. 48,000 zinazobaki mpe mzee, na 120,000 andikianeni, ukitoa 6,000 kila mwezi ni miezi 20. Itauma. Mtakula dagaa zaidi na safari za ushago zitapungua. Iandikwe kwa karatasi, mashahidi watie sahihi.

Habari ya jela sitakudanganya. Kuibia mwajiri ni kosa kwenye Penal Code ya Kenya, kifungu cha 281, na adhabu inaweza kufika miaka 7. Mzee akiamua kwenda polisi ni haki yake, na ukienda huku umeshaamua kwamba akitaja polisi unakimbia, basi bora usiende, manake utakuwa umeenda kununua amani si kutubu. Kama unataka kuzungumza na wakili kabla, zungumza, si dhambi, mradi uende kuuliza utasimamaje vizuri na si kutafuta pa kutorokea. Mimi moyo wangu unaniambia mzee anayekuita mwanangu mpaka leo hatakimbilia polisi, lakini sina uhakika na siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba hivi sasa kuna mtu anayetumikia kifungo chako bila mahakama, na hakuuliza mtoto wako ana miezi mingapi.

Kwa kijana. Hapa nakusihi, nenda polepole. Usiende na Biblia mkononi ukamsomea mistari ya kusamehe. Ni mwiko kabisa kumwambia mtu uliyemwumiza kwamba Biblia inamlazimu akusamehe. Mwambie ulichofanya, mwambie hata ile siku ya feri ulikunywa kahawa yake ukanyamaza, umpe 12,000 zake na umwambie najua hazitoshi, kisha umwulize "nikufanyie nini?" halafu unyamaze. Akikutukana, kaa. Akikufukuza, ondoka na usirudi kumsumbua, mwachie nambari yako. Inaweza kumchukua mwaka, inaweza kumchukua miaka yote. Urafiki ule huenda umeshapotea na huo utaubeba, manake Daudi naye alisamehewa siku ile ile Nathani alipomwambia "wewe ndiwe mtu huyo" na bado kuna mambo nyumbani kwake hayakurudi yalivyokuwa. Ila ukisikia kuna nafasi ya kazi ya stoo kokote Changamwe unakofahamiana na watu, mpendekeze, na umdhamini kwa jina lako hata kama yeye hataki kukuona. Hiyo ni bora kuliko kwenda kumlilia.

Nilifurahi sana uliposema hauchukui chai ya madereva. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji tufanye nini sisi, aliwaambia "msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa," na hilo unalifanya. Lakini soma na mstari unaofuata, Luka 3:14, alichowaambia askari: "msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu." Tazama yalivyopangwa, kushitaki kwa uongo kumekaa katikati, kati ya dhuluma na mshahara. Wewe mawili umeshayaacha, hilo la katikati ndilo limebaki.

Ukienda kwa mzee usiende Ijumaa mchana, na usiende asubuhi wateja wamejaa kaunta ukamwaibisha mbele za watu. Jumamosi baada ya alasiri duka huwa limetulia, akishatoka msikitini mkute amekaa na kahawa yake. Niandikie ujumbe mnapotoka nyumbani kwenda, neno moja tu, "tunaenda," nami nitapiga magoti hapa nilipo mpaka uniambie mmetoka.

Shangazi